Wahitimu wa historia na lugha wanafaa viwandani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu wahitimu wa historia, lugha na falsafa wanaokosa ajira, ilhali viwanda vya kisasa vinalalamika kwamba havipati mafundi wa kuendesha mashine zinazoongozwa na kompyuta. Wapo wanaosema vijana hao walipoteza miaka yao chuoni na sasa waanzishwe upya kama watu wasiojua kitu. Mimi nilisoma historia kabla ya kuwa mkereza vyuma, na siafiki.

Mashine hizo huongozwa kwa maandishi. Amri ya G00 hukipeleka kifaa cha kukatia mahali pake kwa kasi yote, bila kukata. G01 hukifanya kikate katika mstari ulionyooka kwa mwendo uliopangwa, na anayezichanganya amri hizo huvunja kifaa, akiwa na bahati. Katika baadhi ya mashine, ukiandika X10 ukasahau nukta ya desimali, unaagiza mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), si milimita 10. Aliyezoea kusahihisha maandishi hadi mkato wa mwisho haoni ajabu hapo. Isitoshe, kazi ikiharibika, kiwanda kinachofuata ISO 9001, yaani kanuni za kimataifa za kusimamia ubora, hutakiwa kutafuta chanzo cha hitilafu na kuweka kumbukumbu, na kupambanua ushahidi na dhana ndiko tulikofundishwa.

Hata hivyo, nisiwapambe kupita kiasi. Siku zangu za mwanzo nilipima kwa maikromita mhimili wa chuma wenye kipenyo cha milimita 100, uliotoka mashineni ukiwa bado na joto. Nikaona umezidi kwa mikroni 20 hivi, nikaupunguza. Ulipopoa ukawa mwembamba, ukatupwa. Kwamba chuma hutanuka kwa joto, na kwamba vipimo huhesabiwa katika nyuzijoto 20, nilikuwa nimeyasoma juma lililotangulia na hata kuyajibia mtihani. Kuna pia hesabu za pembe, ambazo wengi wetu tulizikimbia tangu sekondari, na mafunzo yasiyoanzia hapo yatawaangusha watu mbele ya mchoro wa kwanza.

Kwa sababu hiyo sina imani na kozi za majuma machache zinazoishia kwenye cheti. Ujerumani, mwanagenzi wa ukerezaji husaini mkataba na kiwanda, hulipwa posho kila mwezi, na hugawa muda wake kati ya karakana na chuo kwa miaka 3 na nusu, ingawa sheria yao inaruhusu kuupunguza muda huo kwa anayeonekana ataweza kuhitimu mapema. Mhitimu wa chuo kikuu anastahili punguzo kama hilo. Lakini malipo yasicheleweshwe hadi amalize, kwa kuwa mtu mzima mwenye watu wanaomtegemea hawezi kusimama mwaka mzima mbele ya mashine bila ujira, na viwanda vinavyolalamika havijasema bado vitachangia kiasi gani.

Msomaji wako,
Mkereza vyuma