Bima ndogo ya boda bei yake ni moja, tuacheni kutafuta ya elfu ishirini

Mhariri, pole na kazi.

Mimi ni katibu wa kijiwe cha boda huku Sakina, Arusha, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna jambo linaumiza watu na naona linaongelewa juu juu tu, nalo ni bima ya pikipiki. Haupiti mwezi bila bima ya mtu kijiweni kuisha na swali ni lile lile, katibu wapi kuna bima ya bei chee. Basi nimezunguka na wenzangu, tumeingia ofisi za mjini barabara ya Sokoine, tumeongea na mawakala wenye meza na mwavuli, tumeuliza hadi benki maana siku hizi na zenyewe zinauza bima. Tulichokuta huko nataka madereva wenzangu wa Arusha na Moshi wakijue kabla hawajatoa hela mfukoni.

Bima ndogo, hii ambayo sheria inataka kila chombo barabarani kiwe nayo, haina bei chee. Mamlaka ya bima, yaani TIRA, imeweka kiwango cha chini ambacho kampuni hairuhusiwi kushuka, ndio maana kote tulikopita pikipiki ya matairi mawili tuliambiwa elfu hamsini, weka VAT asilimia 18 inakuja 59,000 kwa mwaka mzima. Ukienda kampuni yenye jengo lake ni hiyo, ukienda kwa wakala wa mwavuli ni hiyo hiyo, na wakala kamisheni yake anapewa na kampuni kwahiyo huna haja ya kumkwepa eti utapunguziwa. Sasa mtu akikufata stendi akakwambia yeye anayo ya elfu ishirini, au thelathini kwasababu anakujua, hapo hakuna punguzo ndugu yangu. Anakuuzia karatasi.

Na kujua kama ni karatasi haichukui hata dakika mbili. Stika siku hizi ni za kielektroniki, bima ikikatwa kihalali inaingia kwenye mfumo wa TIRA unaoitwa TIRA MIS, na mfumo huo uko wazi kwa mtu yeyote mwenye simu yenye intaneti. Unafungua, unaingiza namba ya usajili wa pikipiki au namba ya stika, inakuletea kampuni iliyokukatia, inaanza lini inaisha lini. Kama haileti kitu huna bima, hata kama karatasi uliyopewa ina muhuri mwekundu na saini ya kalamu ya wino. Kijiweni tumeweka utaratibu kwamba huondoki mezani kwa wakala mpaka umeiona pikipiki yako kwenye simu kwa macho yako, na asiye na simu kubwa anaenda na mwenzake. Wakala mkweli hawezi kuchukia, tena wengi wanakufungulia wenyewe.

Naongea kwa uchungu kwasababu nimeona ilivyo. Kuna chalii wetu alimgonga mama mmoja muuza ndizi, ilikua jioni, mvua inanyesha na barabara inateleza, mama akavunjika mguu chini ya goti. Chalii hakukimbia, alimbeba akampeleka hospitali, akaenda polisi, PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikatoka, trafiki wakaja wakapima wakachora ramani ya ajali, kila kitu kilienda vizuri mpaka tulipofika kwa kampuni ambayo jina lake lilikua kwenye karatasi ya bima. Dada wa kaunta akaingiza namba, akaingiza tena, akatugeuzia skrini tuone. Hakuna. Hiyo kampuni haikuwahi kumuuzia bima na haikua na kosa lolote, jina lake lilitumika tu. Aliyemuuzia simu haipatikani hadi leo. Mwisho wake familia mbili zikakaa chini ya mjumbe kukubaliana, pikipiki ikauzwa hasara, mama wa watu akalipwa nusunusu huku anauguza mguu na biashara imesimama. Mimi hapo namfikiria zaidi yule mama kuliko chalii. Bima ndogo haipo kwa ajili ya trafiki, ipo kwa ajili ya mtu kama yule, anayetembea zake pembeni ya barabara na beseni la ndizi na hajui lolote kuhusu stika zetu.

Hapa niseme na wale wanaopiga hesabu ya faini. Tangu mwaka 2021 faini ya pikipiki ilishushwa kutoka 30,000 hadi 10,000, jambo zuri na tulishukuru, ila kuna wenzetu wanasema bora nikamatwe mara mbili tatu kwa mwaka nilipe kumi kumi kuliko kutoa 59,000 kwa mkupuo. Hesabu hiyo imeacha ajali nje. Mguu wa mtu hautibiwi kwa elfu kumi, na ukishtakiwa ukaamriwa kulipa fidia hakuna wa kusimama na wewe. Halafu hiyo 59,000 igawanye kwa siku 365 utakuta ni kama shilingi 162 kwa siku, yaani hata nauli fupi kabisa ya kutoka Sakina kwenda Kwa Idd inaizidi mara nyingi.

Kitu kingine ambacho wengi hatusomi ni pale kwenye matumizi ya chombo. Kuna pikipiki ya matumizi binafsi na kuna ya biashara ya kubeba abiria, ukienda kukata sema wazi kwamba unabeba abiria na uhakikishe imeandikwa hivyo. Kuna wakala anaandika binafsi kwasababu ni haraka au kwasababu hukusema, stika inatoka, mfumo unaonyesha, trafiki anaridhika, shida inakuja siku abiria ameumia ndio unaanza kuulizwa huyu uliyembeba alikua nani yako na alikulipa shilingi ngapi. Angalia pia jina na namba ya chasisi, maana boda nyingi huku zinatembea na kadi ya mtu aliyeiuza miaka mitatu nyuma, umiliki haujahamishwa TRA, bima ina jina la mtu ambaye hata hamjuani. Ukinunua pikipiki usidhani na bima ya yule wa kwanza imekua yako, nenda kaulize.

Sasa nakuja kwenye bima kubwa, na hapa ndipo kuzunguka kutafuta kuna maana kweli. Watu wanachanganya sana hizi mbili. Bima ndogo inamlipa uliyemuumiza au uliyemharibia mali, pikipiki yako wewe hailipi hata taa. Ikiibiwa bima ndogo haikuhusu, ikiungua haikuhusu. Na sisi huku wizi ndio unatumaliza, mtu anapigiwa simu usiku apeleke abiria Ngaramtoni au Kisongo, anarudi kwa miguu kama amepona. Bima kubwa inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya pikipiki, kwahiyo hapo kampuni zinatofautiana, na hazitofautiani kwenye bei tu. Kuna inayokubali pikipiki ya abiria na kuna inayokukatalia mlangoni ukishasema boda. Kuna ambayo wizi umo na kuna ambayo umo lakini kwa masharti, labda uwe umefunga kifaa cha kuifuatilia au chombo kilale sehemu yenye mlinzi. Uliza pia ekisesi, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe kabla kampuni haijaweka chake, kwasababu unaweza kufurahia bei ndogo kumbe ekisesi yake ni kubwa hivi kwamba ukivunja shoo na taa na tanki bado hufikii kiwango cha kulipwa. Na uliza wanalipaje, thamani ya siku uliyokata au thamani ya pikipiki siku iliyopotea. Mimi nasema kama una Boxer au TVS bado mpya, hasa ya mkopo au ya mkataba ambayo unapeleka hesabu kila siku kwa tajiri, kaa na tajiri wako mzungumzie bima kubwa mapema na mjue nani analipa, maana ikiibiwa mwezi wa nane yeye anataka hela yake na wewe miezi yako nane imeondoka. Ila kama chombo kimechoka, thamani imeshuka, bima ndogo ya uhakika inatosha na hela nyingine weka akiba.

Nashauri pia kabla ya kuchagua kampuni waulizeni watu waliowahi kudai, sio waliowahi kukata. Kukata bima ni rahisi kote. Muulize mwenye bajaji, muulize dereva wa noah, alipopata ajali alilipwa baada ya muda gani, aliambiwa alete karatasi gani. Na ukiona kampuni inakuzungusha usikae kimya ukaanza kulalamika kijiweni tu, TIRA wana ofisi ya kanda ya kaskazini hapa hapa Arusha, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambayo kazi yake ni kusikiliza mtu mdogo akigombana na kampuni, hauhitaji wakili kufika pale. Watu hawazijui kabisa hizi ofisi.

Sasa Mhariri, ombi langu kwa wahusika kupitia gazeti lako. Tatizo letu kubwa sio ukubwa wa 59,000, ni kwamba inatakiwa yote kwa pamoja, na mtu wa boda hela yake inaingia elfu mbili elfu tatu, jioni ametoa hesabu, mafuta, chakula, ada ya mtoto, haibaki elfu sitini ya kukaa pamoja. Huo mwanya ndio matapeli wanaingilia. Naelewa sheria inataka bima ilipwe kwanza ndipo ianze kufanya kazi, na mimi siombi kukopeshwa bima. Naomba kampuni na benki zituwekee njia ya kudunduliza kwa simu, mtu anatupia elfu moja na mia mbili kila wiki kwenye akaunti ya bima, ikifika mwaka hela ya kukata nyingine ipo tayari na haijaguswa. Vijiwe tumeshasajiliwa, tuna viongozi, tuna orodha ya wanachama na namba za pikipiki, tunaweza kukatiwa kama kikundi tarehe moja ili kufuatilia kuwe rahisi. Sisi tumeanza wenyewe kwa daftari, kila Jumatatu mhazini anapitisha, na walioshika utaratibu huo bima zao hazijakatika, lakini daftari la mhazini sio benki na siku moja litaleta maneno.

Naomba pia TIRA kanda watuandikie bei halali za bima ndogo, ya pikipiki na ya bajaji, kwa Kiswahili, karatasi moja tu tuibandike kwenye kila kijiwe na pale stendi, pamoja na maelezo ya kuhakiki stika. Na ule mkataba wenyewe wa bima tupewe kwa Kiswahili, maana mtu anasaini kurasa za Kiingereza ambazo hata anayemuuzia hawezi kumfafanulia. Ofisa akiweza kuja kuongea na madereva aje Jumapili kuanzia saa kumi jioni, muda huo wengi tunakua tumepaki, na vijiwe vya jirani tutaviita.

Katibu wa kijiwe,
Sakina, Arusha