Shukrani kwa mama wa foleni ya Luzira

Mama, sikukuuliza jina. Tulikutana foleni ya kuwaona wafungwa gereza la Luzira, Kampala, mimi nikilia mpaka kitenge kimelowa. Kaka yangu alikuwa amehukumiwa kunyongwa. Wakili aliyepewa alionana naye mara moja tu, asubuhi ya kesi yenyewe, na mashahidi walisema kwa lugha asiyoijua, bila mkalimani. Nilidhani ndiyo imekwisha.

Ukanikalisha chini, ukanieleza kwamba kifungu cha 28 cha Katiba yetu ya Uganda kinampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Ukanisimulia kesi ya Susan Kigula, mwanamke aliyekuwa amehukumiwa kunyongwa, jinsi Mahakama ya Juu ilivyokataa mwaka 2009 hukumu ya kifo kuwa ya lazima. Barua ya kuomba rufaa uliiandika kwa mkono wako (nakala ninayo bado). Kisha ukanipa nauli ya basi nirudi Arua kukusanya saini. Shilingi elfu hamsini, mama, na wewe mwanao yumo humo humo ndani!

Wauza samaki sokoni walitia saini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Rufaa imepokelewa. Kaka anakusalimu sana. Mungu akulindie mwanao.