Mwanangu, usingoje ndoto

Konde, Pemba

Assalaam alaykum mwanangu,

Sisi huku wazima, na kifua cha babaako kimepoa. Barua hii anakuja nayo khaloo yako kwa sababu simu hupokei, na ukipokea unanijibu "nipo, mama" kama uliyeitwa jina darasani. Ninalotaka kukwambia halimaliziki kwa vocha ya 500. Wala halisemeki mbele ya babaako.

Dada yako kaniambia umeswali istikhara masiku saba, hukuota kitu, na sasa hujui uende Muscat kwa rafiki yako au ubakie hapo Unguja na kazi yako ya kufundisha kwa kujitolea. Kaniambia na jengine: kuna mtu kakuelekeza kwa mzee wa kukutazamia kwa ramli. Usende. Nnaanza na hilo maana ndilo lililonitoa usingizi.

Nani alokwambia istikhara ina ndoto? Wewe ambaye mwalimu wako wa chuo cha Kurani mpaka leo anawatolea watoto mfano! Hebu isome dua yenyewe aliyoipokea Jabir kwa Mtume. Rakaa mbili zisizo za faradhi, kisha unamwomba Mola: kama jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wangu, niandikie na unisahilishie; kama ni shari, liepushe nami na mimi uniepushe nalo, uniandikie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo. Ndoto iko wapi hapo? Ukishaswali unashika moja, unakwenda nalo. Likigoma, nalo ni jibu, hata likikuuma.

Nabii Musa alitoka Misri kwa khofu, hana mwenyeji mbele, akaelekea Madyan. Alisema tu, huenda Mola wangu akaniongoza njia iliyo sawa. Huenda! Na huyo ni Mtume. Kufika kisimani akakuta wasichana wawili wamewazuia wanyama wao, akawanyweshea, akenda zake kivulini na njaa yake. Kazi, mke na pa kulala vyote vilitokea pale pale kisimani, na mapatano yakawa achunge miaka minane, akipenda kumi. Wewe una miezi minne tu tangu upokee cheti, ushaona umesahauliwa.

Cheti chenyewe nimekitundika ukumbini, kila mgeni lazima akione. Babaako anasema najisifu. Najisifu, ndiyo.

Lakini usende. Watu wale hawakosi la kusema. Watakwambia kuna jicho, kuna mtu wa ukoo hakupendi, lete kuku mwekundu, na pesa juu yake. Utauliza nnajuaje. Mwaka ule karafuu zilipokataa, na babaako kenda dago kuvua, hajulikani arudi lini, kuna mtu alinitazamia mimi. Zile pesa za kozi yako ya kompyuta kule Chake, nilizokwambia zimeliwa na mchele... mchele ulikuwamo ndani, mwanangu. Basi. Wanavyuoni wanasema anayemwendea mpiga ramli akamuuliza kitu, swala zake hazikubaliwi masiku 40. Masiku 40 ni mengi. Niliyahesabu moja moja, na babaako alidhani naumwa.

Sikukatazi Muscat, wala sikutumi. Ukienda, mkataba uusome mpaka mwisho, na pasi usimwachie mtu. Kutawakali si kufumba macho, hata yule bedui aliambiwa amfunge ngamia wake kwanza. Na umuulize ami yako aliyekaa kule, si vijana wa barazani tu. Habari hizi kazisikia kwa watu baki, kanuna, na ana haki yake. Ukibakia na skuli yako, bakia kwa moyo, usiwafundishe watoto wa watu huku jicho liko uwanja wa ndege. Ukija kuaga, angalia bahari kwanza. Unanijua tangu ile meli iliyozama Septemba 2011.

Karafuu za vuli tumeshaanza kuchuma. Juzi tumezianika, wingu likatanda, tukazikusanya mbio pamoja na majamvi, nusu ya kazi mdogo wako kaifanya kwa kulia. Banda la uani linavuja pale pale ulipoahidi kupaziba. Yule mbuzi wako kazaa, mapacha, mmoja dhaifu, nnamlea jikoni.

Kapuni mna muhogo, nazi sita, dagaa wakavu, na samli ya bibi yako kwenye kindoo cha kijani. Nazi tatu mpe mwenye nyumba wako. Dagaa uwaanike tena, wamepata unyevu.

Kwa mzee yule usende. Ukishakwenda, usinifiche, niambie mimi kabla ya mtu mwengine.

Na kindoo cha bibi kirudi na kifuniko chake. Kile cha kwanza hukurudisha, na ninayeulizwa ni mimi.

Mama yako