Mdogo wangu, kawaambie habari za yale magunia

Mdogo wangu,

Mama ameniambia umeitwa usaili Alhamisi, umeneja wa ghala, kampuni kubwa ya Barabara ya Nyerere. Akaniambia pia kwamba huna raha. Unasema watakuja wenye digrii zao, na wewe una diploma ya ugavi na miaka sita ya stoo ya Kariakoo. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu wapo watunza stoo wengi wanaojidharau kama wewe, na ningependa nao wasome.

Nimekaa kwenye jopo la usaili wa kazi hii mara kadhaa. Maswali huwa mengi, lakini tunachotaka kujua ni kimoja: siku hesabu ikikataa, huyu atafanya nini?

Jiandae kwa swali la namna hii. Mfumo wa kompyuta unaonyesha katoni 1,200 za sabuni, ghalani zimehesabiwa 1,146. Wengi hukimbilia kujibu kwamba watawakata mshahara vijana wa zamu. Usithubutu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumkata mtu kwa kuwa mzigo umepungua tu. Lazima asikilizwe, ithibitike kosa ni lake, na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Anayejibu kwa kukata watu ameshatuonyesha atakavyoishi nao.

Wewe anza na mzigo. Rudia hesabu, na wahesabu watu wengine, bila kuonyeshwa namba ya mfumo, maana mtu akiijua namba macho yake huitafuta hiyohiyo. Kisha ingia kwenye hati. Kuna gari limetoka na delivari yake, ile hati ya kupelekea mzigo, haijaingizwa? Kuna mzigo ulipokelewa kwa dazeni ukaandikwa katoni? Zilizopasuka zimewekwa wapi? Halafu itazame tofauti yenyewe: 54. Ikiwa sabuni hiyo hupangwa katoni 6 kwa safu, safu 9 kwenda juu, 54 ni paleti moja kamili, yaani lile jukwaa la kupangia mzigo likiwa limejaa. Hapo unatafuta paleti iliyopandishwa rafu isiyo yake, au iliyopakiwa kwenye Fuso la mteja mwingine, kabla hujamshuku kijana yeyote. Jibu hili huwezi kulipata darasani peke yake. Wewe paleti umezipanga kwa mikono yako.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Mwanzoni mwa kazi yangu nilisaini kupokea kontena la futi 20 bila kuhesabu. Mvua ilikuwa inanyesha, dereva ana haraka, utingo ameshaanza kufunga milango. Zilipungua katoni 31. Nilinyamaza wiki mbili nikitumaini zitaonekana, na katika wiki hizo mbili mtunza stoo mwenzangu ndiye aliyekuwa akitazamwa kwa jicho baya. Aliyenipa mzigo pungufu alinikosea, lakini ukimya ule ulikuwa wangu. Baadaye, kwenye usaili wa kampuni nyingine, niliulizwa nimewahi kusababisha hasara gani. Nikajibu sijawahi. Waliandika kitu kwenye karatasi zao, wakanishukuru, na kazi sikuipata. Leo ningekuwa mimi kwenye jopo nisingejipa.

Ndiyo maana nataka uwaambie habari za magunia. Najua unaona aibu. Masika ile maji yaliingia stoo, na magunia 40 ya mchele yalikuwa chini sakafuni bila paleti kwa sababu paleti ulizoomba hukuletewa. Lakini kumbuka ulichofanya. Ulimpigia tajiri saa nane usiku. Ukatenga makavu na yaliyolowa, ukayahesabu kwa tochi, ukaandika gunia kwa gunia, na asubuhi ukampelekea daftari kabla hajauliza. Ile karatasi ya ukutani dukani kwenu, "mali bila daftari huisha bila habari", wewe uliitekeleza umesimama kwenye maji. Simulia kwa utulivu, taja idadi, useme na ulichobadilisha baada ya pale. Usimseme tajiri wako vibaya.

Tofauti ya kampuni kubwa na stoo uliyozoea ni kwamba kule mtu mmoja hashiki kila kitu. Anayepokea si anayeidhinisha kutoa, na wa getini ana hesabu yake. Usione hawakuamini, mpango huo unakulinda na wewe pia siku kitu kikipotea. Wengi wao hawasubiri kufunga ghala mara moja kwa mwaka ndipo wahesabu, huhesabu bidhaa chache kila siku, na zile za thamani kubwa hurudiwa mara nyingi zaidi. Mfumo wao utaujifunza ukifika. Kanuni ya dawa na vyakula unaijua tayari: kinachowahi kuisha muda kitoke kwanza, hata kama kiliingia jana.

Watakuuliza pia kuhusu foklifti, yale magari ya kunyanyulia mizigo, na watu. Jibu kama mtu anayejua kwamba vibarua wana wake na watoto nyumbani. Njia ya foklifti na njia ya waenda kwa miguu zitengwe kwa rangi, asiye na mafunzo asiguse usukani, hata kama gari limechelewa. Na saa za kazi: kwa walio chini yako kikomo cha kawaida ni saa 45 kwa wiki, na ziada hulipwa mara moja na nusu. Kwa meneja anayeripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu vifungu hivyo vya saa havimhusu, kwa hiyo kabla hujasaini chochote waulize utatakiwa mpaka saa ngapi, na mwisho wa mwezi inakuwaje.

Jumatano njoo ulale kwangu. Kutoka Chanika asubuhi ile foleni itakumaliza, na kwangu ni daladala moja tu. Chukua vyeti halisi pamoja na nakala, na uvae viatu vya kufunika, wanaweza kukutembeza ghalani. Lile daftari la magunia bado unalo? Njoo nalo, tulisome pamoja usiku.

Dada yako