Kina cha Ziwa Tanganyika: kompyuta hula ilicholishwa

Mhariri,

Makadirio ya kina cha ziwa hili kwa kompyuta ni hesabu tu ya maji yanayoingia na kutoka: mvua na mito, Malagarasi ukiwemo, kisha utoe mvuke na maji yanayotoka kwa mto Lukuga. Ziwa lina takriban kilomita za mraba 32,900, kwa hiyo kosa la sentimita 1 ni meta za ujazo milioni 329!

Makosa huanzia kwenye vifaa. Kipimamvua kikiwa chini ya mwembe, au faneli yake ikizibwa na majani, mvua inapungua kwenye daftari tu. Kisomwe saa 3 asubuhi kila siku. Siku isiyosomwa iachwe wazi. Ukiandika 0, kompyuta itaamini hakukunyesha.

Msomaji,
Kigoma