Msizilaumu taa za mfululizo, laumuni wanaotuma watu wasiozijua

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuwaandikia, hata pale mlipochanganya volti na wati. Lakini taarifa yenu ya juzi kuhusu barabara iliyokaa gizani imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu anasema taa za zamani za mfululizo, yaani zilizofuatana kwenye waya mmoja, mkondo uleule ukipita taa moja hadi nyingine, ni kama taa za mapambo ya sikukuu: ikiungua moja, zinazimika zote. Si kweli! Tatizo hilo lilitatuliwa zamani sana.

Ndani ya holda ya taa hizo kuna kijisahani chembamba cha utando kisichopitisha umeme. Balbu ikiwa nzima, kijisahani hakina kazi. Balbu ikikatika, volti ya laini nzima, ambayo ni maelfu, inakiangukia kile kijisahani, inakitoboa, na mkondo unaendelea kwenye taa inayofuata. Kule kwenye regyuleta, yaani mtambo unaolisha laini na kushikilia mkondo usibadilike, koili inasogea yenyewe na mkondo unarudi kwenye ampea zake 6.6. Taa moja imekufa, nyingine zinawaka kama kawaida. Fundi akija kubadilisha balbu, anaweka na kijisahani kipya.

Tena taarifa yenu yenyewe inajipinga. Mmeandika kwamba giza lilikuwa katikati ya barabara huku taa za miisho yote miwili zikiwaka, kisha mkamnukuu ofisa akisema balbu ziliungua kwa pamoja. Hakuna aliyemuuliza zinaunguaje pamoja zikiwa zimepangana hivyo? Hiyo ni dalili ambayo mwanafunzi wa taa hizi hufundishwa mapema: waya umegusa ardhi sehemu mbili, mkondo unakata njia kupitia udongoni, na taa zilizo katikati zinarukwa. Waya ukigusa ardhi sehemu moja tu, mara nyingi taa zote huendelea kuwaka na hakuna anayejua. Ndiyo maana laini hupimwa insulesheni, yaani uwezo wa ganda la waya kuzuia umeme usivuje, kwa kipimo kiitwacho mega, wakati kila kitu kinaonekana kizima, si kusubiri watu walalamike.

Sasa nieleze lililonifanya nishike kalamu. Kabla sijastaafu, mkandarasi mmoja alileta kijana kwenye laini yetu. Kijana hodari, mwenye cheti cha umeme wa majumbani, hakuwahi kuambiwa lolote kuhusu mfululizo. Akapanda kwenye nguzo yenye taa iliyozimika, akaweka mita kwenye ncha mbili za holda, ikasoma karibu sifuri. Akapaza sauti, "Hapa hakuna umeme," akatoa koleo akate waya. Nilimpigia kelele hadi akashuka. Mita ilisoma sifuri kwa sababu kijisahani kilikuwa kimeshatoboka! Ampea zote 6.6 zilikuwa zinapita palepale mbele ya mikono yake, na kati ya waya ule na ardhi kulikuwa na volti za kumuua yeye na aliyeshika ngazi. Laini ya mfululizo ni kinyume cha umeme wa nyumbani: ukiunganisha ncha zake pamoja inatulia, ukiikata ikiwa hai ndipo inaua, kwa sababu volti yote inakusanyika pale ulipokata. Msimamizi wake alipofika hakuuliza kijana ana hali gani. Aliuliza kwa nini kazi imechelewa. Nilikasirika siku ile na hasira haijaisha, maana vijana wa aina hiyo bado wanapandishwa nguzo, na nyinyi mnaandika kwamba kosa ni la mfumo.

Na hao wanaochimba mitaro ya nyaya za intaneti je? Sululu inachubua kebo ya taa, wanazungusha selotepu, wanafukia, wanaondoka. Mvua ikinyesha, ardhi inaanza kunywa mkondo, na lawama inarudi kwa fundi wa taa.

Mfumo huu si takataka. Taa za mvumbuzi Charles Brush zilizowashwa Cleveland, Marekani, mwaka 1879 zilikuwa za mfululizo, na hadi leo taa za njia za ndege kwenye viwanja vingi hulishwa hivyohivyo, kwa ampea zilezile 6.6, kwa sababu taa ya mwisho hung'aa sawa na ya kwanza. Tofauti ni kwamba kule kila taa ina transfoma yake ndogo, na wanaozihudumia wamefundishwa.

Kama barabara zitahamishiwa mfumo mwingine, sawa, zihamishwe zote na kebo za zamani zitolewe ardhini. Mpaka hapo, kila nguzo ya mfululizo ibandikwe kibao chekundu usawa wa macho: "AMPEA 6.6, USIKATE." Ufunguo wa chumba cha regyuleta ukae mfukoni mwa mtu aliye juu ya nguzo, asiwashe mwingine yeyote. Nanyi chapisheni mchoro wa kile kijisahani, nusu ukurasa, palepale mlipoweka taarifa ile.

Fundi mstaafu wa taa za barabarani