Korosho: kanuni za msimu zijulikane kabla ya salfa

Mhariri,

Kila minada ya korosho inapokaribia, gumzo la redioni na vijiweni huwa ni bei tu. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme kwamba mavuno ya msimu huwa yameshaamuliwa miezi kadhaa nyuma, siku mkulima anapokata shauri kununua salfa, dawa ya mikorosho, au kuacha. Shauri hilo hulikata kwa kupima kama taratibu za soko zinaaminika.

Hesabu yake ni hii. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 ina mikorosho 28. Ili kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia mikorosho, kila mti unataka robo kilo ya salfa ya unga kwa raundi moja, na raundi ni tano tangu maua yanapoanza kutoka. Hizo ni kilo 35 kwa ekari, mbali na palizi, kupogolea, kukodi bomba la kupulizia na kununua mafuta yake. Ukiruka raundi za mwanzo, maua hukauka, na salfa ya baadaye haiyarudishi. Fedha inatoka Mei au Juni, inarudi Novemba au Desemba ikiwa mambo yamekwenda vizuri. Katikati hapo mkulima hana mkataba mkononi. Ana imani tu kwamba chama cha msingi cha ushirika, ghala, mnada na benki vitatimiza ahadi.

Tulishaona imani hiyo ikikatika. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000. Mwaka 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976, mnunuzi akabaki mmoja tu, shirika la umma, na fungu la mkulima katika bei ya nje likasinyaa. Ubwiri unga ulipoenea ulikuta mikorosho haipaliliwi na mwenyewe hana sababu ya kuihangaikia. Viwanda 12 vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vikakosa korosho za kubangua.

Stakabadhi ghalani, iliyotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, ni mfumo ninaoutetea. Mzigo unapimwa, unapangwa daraja, unapelekwa ghala kuu kwa stakabadhi, wanunuzi wanashindana, kisha wakulima wanasomewa bei na wanaweza kuikataa. Haki hiyo ya kusema "hatuuzi" ndiyo uhuru wa kiuchumi kwa mtu wa Newala au Tunduru. Ila mfumo unaomlazimisha kupitia mlango mmoja unamdai uwazi mwenye mlango. Liwale, Aprili 2013, nyumba zilichomwa baada ya awamu ya pili ya malipo kutoka pungufu ya yale wakulima waliyoambiwa.

Kisha ukaja mwaka 2018. Mwezi Juni, Sheria ya Fedha iliondoa mgawo wa asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, uliokuwa ukirudi kuendeleza zao, pembejeo zikiwemo. Novemba, baada ya wanunuzi kutoa kati ya shilingi 1,900 na 2,700 kwa kilo, Serikali iliamua kuzinunua yenyewe kwa 3,300, na jeshi likabeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri, na nia ya kumkinga mkulima naiheshimu. Lakini wanunuzi waliojiandaa kwa mnada walikuta hakuna mnada, na malipo yakasubiri uhakiki wa mashamba ili kuwanasa kangomba, walanguzi wa vijijini, wakati salfa ya msimu uliofuata inatafutwa. Mavuno yalishuka kutoka zaidi ya tani 313,000 msimu wa 2017/18 hadi takriban 225,000 msimu uliofuata, na takriban 210,000 mwaka 2020/21. Hali ya hewa ina sehemu yake, sikatai. Ila pembejeo kukatwa ghafla na fedha kuchelewa ni maamuzi ya watu, na hayo yanarekebishika.

Na huyo kangomba, anayepita kijijini kununua korosho kwa bakuli kabla hazijafika chamani, anaishi kwa ucheleweshaji huo. Mkulima anamuuzia kwa sababu ana ada ya shule wiki hii, na mnada uko mbali. Kumkamata bila kuharakisha malipo ni kufyeka magugu na kuacha mizizi.

Msimu wa 2024/25 tulivuka tani 500,000, kukiwa na pembejeo za ruzuku na minada ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa. Nafurahi kwa dhati. Wasiwasi wangu ni kwamba ruzuku inayotegemea tangazo la mwaka inaweza kuondoka kwa tangazo.

Napendekeza mwongozo wa msimu, pamoja na tozo zote, utoke kabla ya mwisho wa Aprili na usiguswe hadi mnada wa mwisho. Fungu la ushuru linalorudi kwenye zao lilindwe katika sheria, na matumizi yake yabandikwe kila halmashauri. Karatasi ya malipo imwoneshe mkulima kilo, daraja, bei ya mnada na kila kato kwa jina lake: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, usafirishaji, ghala. Mwenye kuchelewesha malipo kupita siku zilizowekwa alipe riba kwa mkulima. Mwisho, stakabadhi itolewe kwa jina la mkulima mmoja mmoja, siyo la chama peke yake, ili aweze kuipeleka benki kama dhamana na kupata fedha ya kusubiria mnada.

Msomaji wako,
Masasi, Mtwara